Nani Atasimama Chini ya Mti?

Ontonagon, Michigan
9 Aprili

Mwanangu Aila,

Nakusalimu kwa salamu zote za huku, za watu na za theluji, maana theluji bado iko hadi dirisha la jikoni na haioneshi dalili ya kuhama. Sisi wazima. Mama mdogo wako Irja anaoka ule mkate wake wa iliki kila Jumamosi, ananipa kipande kimoja kama mgonjwa wa wodini na vingine anawapelekea wanakwaya. Baba yako ametupigia simu kutoka Florida, analalamika joto. Ndugu yangu huyo! Alilalamika baridi miaka sitini, sasa amepata alichokitaka na bado halali.

Utakuwa umesikia kwamba Novemba niliteleza kidogo kwenye mti wangu. Vile vipande vya mbao nilivyopigilia kwenye mwaloni zamani, kimoja kilikuwa kimeoza. Nikashuka haraka kuliko nilivyopanga. Mbavu mbili tatu, basi, si habari. Lakini mama mdogo wako amelifanya jambo kubwa. Ametangaza kwamba mguu wangu hautapita juu ya ngazi ya barazani mpaka nife. Amenunua kibanda cha turubai, nikae chini na upinde wangu kama mtu aliyebanwa na tumbo akakimbilia choo cha shimo. Nilikaa humo siku za mwisho za msimu wa kuwinda. Nilichokiona ni kindi mmoja, naye alinicheka.

Aila, mimi sina umri wa kukaa chooni. Kulungu anakunusa kabla hujafungua zipu. Mimi nataka mti wangu. Nataka kuona kinamasi kutoka juu jua likizama, mierezi yote ikiwa myeusi, na kulungu anapita chini yangu hajui kama nipo. Hicho tu. Sina kingine ninachokisubiri mwaka mzima.

Sasa Waino wa duka la chambo ananiambia vijana siku hizi hawapigi misumari. Wanapanda kwa kamba na tandiko la kiunoni, mzigo wote unaingia kwenye begi la shule, na jioni wanashuka nao, mti haubaki na hata mkwaruzo. Nikamwambia, mimi nina binti wa kaka yangu Tennessee anayekata matawi kwenye nyaya za umeme, maisha yake yote yamo kambani. Nifundishe, mwanangu. Kwa barua, maana simu ya nyumbani mama mdogo wako anaipokea yeye, na ya mkononi anaisoma bila miwani. Andika kwa anwani ya Waino.

Baba yako mdogo,
Reino


Knoxville, Tennessee
3 Mei

Kwako Baba mdogo,

Shikamoo yangu ikukute umesimama kwa miguu miwili. Mimi sijambo. Huku miti imeshachanua, mikono yangu inanuka utomvu hata nikioga mara tatu. Nimechelewa kujibu, nisamehe, kazi zilinielemea.

Nitakufundisha, kwa sababu nakujua. Nikikataa utakwenda kununua kamba ya kuanikia nguo. Lakini tutakwenda mwendo wangu. Haraka haraka haina baraka, na wewe haraka yako tumeiona Novemba.

Vitu vyenyewe ni hivi. Tandiko, yaani mkanda mpana unaokukalisha makalio, na vitanzi viwili vya mapajani. Kamba fupi ya kuuzungushia mti ukiwa unapanda, inashika ubavu wa kulia na wa kushoto. Kamba ya pili ya kuning'inia, unaifunga juu ya kichwa chako. Kingazi kimoja tu, kirefu kama mkono wako, chenye vikanyagio viwili na kitanzi cha mguu chini yake. Halafu kamba ndefu ya kushukia na chuma cha nane, chenye umbo la namba 8, cha kuipitishia. Yote pamoja haizidi ratili kumi. Usinunue cha mtu kilichotumika. Usimwulize Waino chochote.

Somo la kwanza: funga tandiko, ning'inia kwenye boriti nyumbani, miguu ikiwa inagusa sakafu. Ukae hapo mpaka uchoke. Ujue fundo la kubana linavyofanya: ukilisukuma kwa mkono linateleza, ukiliwekea uzito wako linauma kamba kama mbwa. Mwezi mzima usifanye kingine.

Na swali moja, ujibu. Siku utakapotoka ardhini, nani atasimama chini ya mti? Huku kazini kwetu hakuna anayepanda peke yake. Hata bosi.

Aila


Ontonagon
21 Mei

Mwanangu,

Nakuandikia nikiwa na uvimbe kwenye paji la uso lakini moyo wangu mweupe. Huku nzi weusi wametoka, wanatula masikio. Mama mdogo wako amepanda viazi, anakusalimu, yaani angekusalimu kama angejua nakuandikia.

Vitu vimefika. Nilijifungia kwenye nyumba ya sauna, ile ya kuogea mvuke, nikamwambia Irja nakwangua benchi. Nikafunga tandiko, nikajitundika kwenye boriti. Aila, hukuniambia kama vile vitanzi vya mapajani vinafungwa kabla ya kukaa! Nilikaa, tandiko likapanda makwapani, miguu ikaenda juu, kichwa kikaenda kwenye ndoo. Nikabaki hivyo kama kuku wa sokoni. Fundo la kubana nimelielewa, usiwe na wasiwasi, lilikataa kabisa kuniachia.

Irja akabisha mlango: "Reino, mbona unakwangua benchi kwa matusi?" Nikamwambia kuna mwiba umenichoma. Akasema haya, na akaenda zake. Ananiamini sana yule mama.

Basi nimefuzu somo la kwanza. Lete la pili, na usingoje mwezi mzima, mimi si mtoto wa chekechea. Kuhusu swali lako, mbwa yupo.

Reino


Knoxville
8 Julai

Baba mdogo,

Shikamoo. Poleni na nzi. Huku joto ni la kupikia yai juu ya gari. Nimechelewa, kulikuwa na dhoruba, nyaya zote zimelala chini, tumefanya kazi mpaka Jumapili.

Somo la pili ni kushuka. Ndiyo, kushuka kwanza. Mpanda ngazi hushuka, walisema wazee, lakini hawakusema atashukaje. Simama kwenye kiti, si zaidi. Zungusha kamba ndefu kwenye mti juu yako, ijifunge yenyewe kwa kitanzi, pitisha kwenye chuma cha nane, na chini ya chuma weka fundo la kubana, ili mkono wako ukisinzia fundo liwe macho. Kaa. Legeza fundo kidogo kidogo, teremka. Rudia mpaka iwe kama kufunga kiatu.

Na mwisho kabisa wa kamba, kule chini, piga fundo nene kama ngumi. Kila siku. Hata kama kamba inalala ardhini na unaiona kwa macho yako. Wenzangu wawili nimewaona wakishuka mpaka kamba ikaisha, mmoja alikuwa na fundo na mmoja hakuwa nalo. Yule aliyekuwa nalo bado tunakula naye chakula cha mchana.

Mbwa si mtu. Nani atasimama chini?

Aila


Ontonagon
30 Julai

Aila mwanangu,

Salamu kutoka nchi ya matunda. Mama mdogo wako amechemsha jamu mpaka kuta zinanata, nimekutumia chupa nne. Mbavu hazinisumbui, isipokuwa nikicheka, nikikohoa na nikipumua.

Nashuka kama buibui! Kiti, meza, halafu paa la banda la kuni (paa si mti, sikuvunja sheria ya mtu). Fundo la ngumi napiga. Sasa nifundishe kupanda, msimu wa upinde unafungua tarehe mosi Oktoba na wewe unaniletea somo moja kila mwezi kama mshahara. Mara kazi, mara dhoruba. Barua ijayo utaniambia imeliwa na mbwa.

Msaidizi yupo. Nimekwambia usiwe na wasiwasi.

Reino


Knoxville
4 Septemba

Baba mdogo mpendwa,

Shikamoo. Nilikuandikia mwanzoni mwa Agosti lakini mbwa wa jirani aliila barua. Kweli tena. Asante kwa jamu, nimeila kwa kijiko, mkate haukuhusika.

Sasa kupanda. Funga kingazi kwenye mti usawa wa kifua. Zungusha kamba fupi ya ubavuni kabla mguu haujatoka chini, na usiivue mpaka urudi chini, hata kiwavi akiingia shingoni. Panda vikanyagio, kamba ukiisogeza juu pamoja nawe. Ukifika juu ya kingazi, funga kamba ya kuning'inia juu ya kichwa, kaa kwenye tandiko. Ukiwa unaning'inia, inama, fungua kingazi kule chini, kivute, kifunge tena juu. Simama, sogeza kamba, kaa, vuta. Kingazi kimoja kinakuwa ngazi nzima. Hapo ndipo ulipo utamu wake, na hapo ndipo ilipo hatari: kingazi hakikuambii umefika, unaweza kwenda mpaka mbinguni. Kinachokuambia basi ni kamba ya kushukia. Urefu wake ndio mwisho wako. Na kumbuka mti nao unakula kamba; mwaloni wako ule ni mnene, utameza kipande kizuri kabla hujapata cha kwako.

Fanya mazoezi Septemba nzima, na Oktoba pia kama hujaiva. Mti hauendi popote.

Nimeuliza mara tatu sasa. Mficha maradhi kifo humuumbua. Msaidizi huyo ana jina?

Aila


Ontonagon
27 Septemba

Mwanangu,

Barua hii ni ya furaha, isome umesimama! Majani yamekuwa mekundu, asubuhi nyasi zina barafu, na huko kinamasini nimeona miti midogo imekwanguliwa gome na pembe za dume mkubwa, utomvu bado unatoka.

Napanda, Aila. Mti wa mbetula nyuma ya sauna, Irja akiwa kwaya. Simama, sogeza, kaa, vuta. Mzee wa miaka sitini na saba! Nilipofika kimo cha paa nilijisikia kuimba, nikaimba.

Na nimekuzidi maarifa, subiri usikie. Waino ana jamaa wanaokuja dukani kwake, wawindaji wa tandiko, na mazungumzo yao ni uzito tu. Huyu kachonga kingazi matundu ili kiwe chepesi, yule kakata mpini wa mswaki. Wanapima mizigo yao kwenye mizani ya samaki ya Waino na kuzomeana. Nikapima wangu, wakanicheka: "Mzee umebeba na jiko?" Nikarudi nyumbani nikafanya kazi. Nimetoa lebo zote. Nimekata ncha za mikanda. Na ile kamba ndefu, nilipokuwa nikishuka kwenye mbetula rundo zima lilikuwa linalala chini bure, la nini? Nimekata kipande nikafungia mlango wa banda la kuku. Jana nimerudi kwenye mizani, nimewashinda wote. Waino alinyanyua mkono wangu kama bondia.

Tarehe mosi naingia kwenye mwaloni wangu. Niombee dume.

Reino


Knoxville
1 Oktoba, saa kumi na mbili jioni

Baba mdogo,

Sina salamu. Barua yako nimeikuta sasa hivi. UMEKATA KAMBA YA KUSHUKIA?

Mbetula ni mwembamba na ulipanda kimo cha paa! Mwaloni wako unakumbatiwa na watu wawili! Naandika hii na najua itakukuta baada ya mambo, lakini lazima mikono yangu ishike kitu. Simu yako imezimwa. Nimepiga ya nyumbani. Ndiyo, nimemwambia mama mdogo. Nimemwambia yote. Nimesikia funguo za gari tu.

Kama unasoma haya ukiwa mzima, sijali umekasirika.

Aila


Ontonagon
4 Oktoba

Kwako Aila, msaliti wangu mpendwa,

Mimi mzima. Naandika hilo kwanza ili uvute pumzi. Mama mdogo wako mzima kupita kiasi.

Nilipanda saa tisa. Vizuri, Aila, ungenionea fahari. Nilifika pale nilipokuwa nakaa zamani, nikatazama, na njia ya lile dume nikaiona iko nyuma ya kichaka. Nikasema, kingazi kimoja zaidi. Halafu kingine. Ulivyoniambia hasa, kingazi hakikuambii umefika. Nilikaa huko juu na sikujali kulungu wala mtu. Kinamasi chote kilikuwa kinang'aa.

Dume halikuja. Jua lilipogusa mierezi, nikafunga kamba ndefu, nikaanza kushuka, nikiimba moyoni. Nikashuka, nikashuka, halafu nikaacha kushuka. Nikatazama chini. Fundo la ngumi limekaa kwenye kile chuma, miguu yangu inaning'inia, na ardhi iko kule, kimo cha mtu na nusu. Nilijaribu kurudi juu, mbavu zikakataa. Kuruka? Hizi mbavu? Nikaning'inia nikizunguka polepole, mara naona mwerezi, mara naona mwaloni, mara mwerezi tena. Nikapiga kelele. "Waino! Ee Waino!" Waino yuko maili sita, anauza minyoo.

Sauti ikatoka chini yangu: "Usipige kelele Reino, utawafukuza kulungu."

Aila, nusura nife. Irja amesimama hapo na koti la kanisani na viatu vya mvua, anahema. Nikamwambia, "Mke wangu, nilikuwa nataka kukueleza." Akasema, "Nieleze. Una haraka ya kwenda mahali?"

Nikamweleza. Nilizunguka na kueleza, nikigeuzwa upande wake namwona anasikiliza, nikigeuzwa upande wa mti naueleza mti. Nilipomaliza akasema, "Aila kasema una ngazi kiunoni." Nikashika kiuno. Kingazi kiko pale! Kimening'inia kwenye tandiko muda wote, kinanigonga paja. Nikakifunga kwenye mti, nikauzungushia tena kamba ya ubavuni, nikasimama juu yake, fundo likalegea, nikajitoa kwenye kamba ndefu, nikashuka kwa vikanyagio kama mtu mwenye akili. Irja hakunigusa. Alimimina kahawa akanywa yeye.

Halafu njiani, ndani ya gari, akanimwagia ukweli wote. Kumbe alijua tangu Machi! Kabla hata sijakuandikia barua ya kwanza! Alikupigia akakwambia, "Reino atakuja kwako na maneno ya kamba. Usimkatae, atakwenda mwenyewe. Mfundishe, lakini polepole, mpaka theluji ianguke." Kwa hiyo hakukuwa na mbwa, Aila? Hakukuwa na dhoruba? Na kule sauna alijua nilikuwa kichwa chini ndani ya ndoo? Anasema alichungulia dirishani, akaona napumua, akaenda kucheka bustanini.

Nimekasirika na ninyi wote wawili mpaka Jumatano.

Lakini la kukuogopesha si hilo. Nilimwuliza, haya, unasemaje sasa, nichome tandiko? Akaendesha mpaka tulipofika nyumbani. Kisha akasema, "Mimi nataka kupanda." Nikadhani hayuko sawa kichwani. "Miaka arobaini na moja nasikia habari za mti huo. Nataka kuona kuna nini. Mwambie Aila alete kamba nzima, na tandiko la ukubwa wangu."

Reino


Knoxville
12 Oktoba

Baba mdogo,

Shikamoo, na leo imejaa. Nilikaa sakafuni karibu na simu hadi mama mdogo aliponipigia, na nilipomaliza kulia nilicheka hadi jirani akagonga ukuta.

Dhoruba ilikuwepo, nusu. Mbwa hakuwepo. Siombi radhi. Ila nikuambie kwa nini nilimkubalia, maana wewe uliniandikia "niliteleza kidogo" na sikukujibu neno. Mama mdogo alinisimulia Machi. Ulikuwa umesema utarudi kabla ya giza. Hukuwahi kumwonesha ni mti gani. Alitembea kinamasi chote na tochi akiita jina lako, na theluji ikafunika nyayo zako. Alipokupata midomo yako ilikuwa ya buluu, ulimwambia asiwaambie watu. Akakuburuta kwenye turubai mpaka barabarani. Aliniambia kwa sauti ya kawaida tu, kama anasoma bei ya viazi. Halafu akasema, "Simwonei wivu mti wake, Aila. Ninachokataa ni kuitafuta maiti." Baada ya hapo ningemdanganya mtu yeyote kwa ajili yake.

Kamba mpya inakuja na barua hii, nzima. Nimeitia alama nyekundu. Ukiikata hata uzi nitajua. Waambie hao wa mizani kwamba uzito unaozidi ni mke wako kupata usingizi. Tandiko dogo la mama mdogo lipo ndani, na kofia mbili ngumu za kazi. Mfundishe wewe, kama nilivyokufundisha: boriti kwanza, kiti, kushuka, kupanda. Vitanzi vya mapajani kabla ya kukaa!

Na mkono wake usipofika kwenye kingazi akiwa ananing'inia, aongeze kitanzi kirefu, asiiname kwa pupa.

Aila


Ontonagon
7 Novemba

Mwanangu Aila,

Pokea salamu za nyumba nzima, safari hii naziandika mezani hadharani, mama mdogo wako amekaa mbele yangu anamenya viazi vya pai ya nyama na anasema nikwambie anakupenda na unenepe kidogo. Theluji ya kwanza imeanguka, nyepesi. Baba yako kapiga, anasema kwake leo kuna kaubaridi, kavaa soksi.

Irja amejifunza kwa wiki tatu kile kilichonichukua miezi sita. Usiseme kitu. Yeye ni mwepesi, na anasikiliza.

Juzi tulikwenda kwenye mwaloni. Hakutaka upinde. Nilikagua tandiko lake, akanipiga kofi la mkononi akakagua mwenyewe, kisha akaniacha nikague tena. Akavaa kofia juu ya kitambaa chake cha kichwa. Simama, sogeza, kaa, vuta. Mimi nikabaki chini.

Aila, hakuna mtu aliyewahi kuniambia jinsi kulivyo chini. Kwanza nilikuwa naona viatu vyake. Halafu matawi yakameza viatu. Huwezi kuita, maana ukiita unaharibu kile alichokipandia. Unasikiliza. Kipande cha gome kikaniangukia begani, nikaruka kama nimepigwa risasi. Nikaanza kuwaza lile fundo, nililikagua au nilidhani nimelikagua? Nikawaza kile chuma. Kila tawi lililolia niliomba Mungu, mimi ninayesinzia kanisani. Jua likazama na sikulitazama, nilitazama juu tu hadi shingo ikakaza. Na hapo nilikuwa najua yuko mti gani. Nilikuwa najua amefunga kamba gani. Nilisimama hapo nikamwona Irja na tochi yake, kinamasi kizima, theluji inaanguka, hajui niko mti gani. Nililia. Nililia kweli, Aila, sauti niliimeza kwa sababu ya kulungu.

Akashuka wakati mtu bado anaweza kuona mkono wake. Kamba ilibaki ndefu chini ya miguu yake, rundo zuri kabisa. Uso wake ulikuwa mwekundu kama wa msichana. Nikamwuliza, "Umeona nini?"

Akasema, "Hakuna kitu." Akacheka, maana hivyo ndivyo nilivyokuwa nikimjibu kila jioni, miaka yote hiyo, nikivua viatu mlangoni. Halafu akanionea huruma akaniambia. Dume lilipita. Lilisimama chini yake muda mrefu, likajikuna mgongo kwa pembe, likanusa upande wangu, likaondoka bila haraka. Mimi sikusikia hata jani. "Reino," akasema, "mbona hukuniambia kuwa ni hivi?" Nilimshika mikono, ilikuwa na baridi, nikaitia ndani ya koti langu.

Sasa kuna sheria mpya nyumbani, tumeitunga wote wawili. Hakuna anayepanda bila mwingine kusimama chini, na anayesimama chini ndiye anayebeba kahawa. Kile kibanda cha turubai tumempa Waino.

Kesho ni zamu yangu, na upinde. Jana usiku tulipokuwa tunazima taa nilimwuliza kama ataogopa akiwa kule chini. Sikuwahi kumwuliza hilo hata siku moja. Akasema ndiyo, ataogopa, na kwamba nipande.

Baba yako mdogo,
Reino